Kiingilio cha Ligi Kuu England: namna ya kupiga hesabu, uwe mwenyeji au mgeni

Shabiki wa nyumbani na shabiki mgeni wanatazama mpira uleule, lakini viingilio vyao havipangwi kwa namna moja. Mwenyeji hulipa bei ambayo klabu yake imeamua. Mgeni ana kinga: tangu msimu wa 2016/17, klabu ya Ligi Kuu England hairuhusiwi kumtoza shabiki mgeni zaidi ya paundi 30 kwa mechi ya ligi. Kinga hiyo ilipiganiwa. Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka Anfield dakika ya 77, timu yao ikiongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, kwa sababu klabu ilikuwa imetangaza tiketi ya paundi 77 kwa msimu uliokuwa unakuja. Wenye klabu waliifuta bei hiyo ndani ya siku chache, na mwezi uliofuata klabu za ligi zikakubaliana kuhusu paundi 30. Kwa hiyo mgeni haumizwi sana na bei ya tiketi. Kinachomsumbua ni kuipata, na nauli ya kufika.

Ukiwa mwenyeji

Kwanza, fahamu kwamba uanachama si tiketi. Kwenye klabu kubwa, uanachama unakupa ruhusa ya kuingia kwenye foleni ya kununua, basi. Ada yake igawe kwa idadi ya mechi utakazohudhuria kweli. Tuseme ada ni paundi 35 na utakwenda mara mbili tu: kila tiketi imeongezeka paundi 17.50 kabla hujachagua siti. Ukienda mara saba, nyongeza inashuka hadi paundi 5.

Pili, tazama daraja la mechi. Klabu nyingi hugawa mechi katika A, B na C, na siti ileile hupanda bei akija mpinzani mkubwa. Kama unachotaka ni kuuona uwanja na timu yako, nunua mechi ya daraja la chini. Foleni yake pia ni fupi.

Siku ya mauzo watu wengi hukosa tiketi kwa uzembe mdogo. Weka kadi ya benki kwenye akaunti yako ya tovuti ya klabu siku moja kabla, na kama mnakwenda kundi, unganisha namba za uanachama za wenzako mapema, maana ukifika kwenye malipo muda unahesabiwa na siti ulizoshika zinaachiliwa. Ingia kwenye chumba cha kusubiri cha mtandaoni kabla mauzo hayajafunguliwa. Mara nyingi waliomo humo hupangwa kwa bahati nasibu saa ikifika, na anayechelewa anakwenda mkiani. Usifungue upya ukurasa wakati foleni inasogea, unaweza kupoteza nafasi yako.

Kabla ya kubonyeza kulipa, soma maelezo ya siti. Majukwaa ya zamani, mfano la Johnny Haynes pale Craven Cottage, uwanja wa Fulham, yana nguzo zinazoweza kukuzibia goli moja lote. Siti ya namna hiyo huwa imeandikwa kwamba mwonekano wake una kizuizi, na inatakiwa iwe na bei nafuu. Bei ikiwa sawa na ya siti safi, iache.

Tiketi ya msimu ina hesabu yake. Ligi ina mechi 19 za nyumbani. Tiketi ya msimu ya paundi 760 ni paundi 40 kwa mechi, ukienda zote. Ukikosa nne, umelipa karibu paundi 51 kwa kila uliyoiona. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: je, klabu ina mfumo rasmi wa kuuza tena siti yako ukiwa na dharura, na inakurudishia kiasi gani? Uliza pia kama mechi za makombe zimo ndani, maana mara nyingi hazimo.

Ukiwa mgeni

Tiketi ya ugenini unainunua kwa klabu yako mwenyewe, si kwa wenyeji. Kanuni ya ligi inawapa wageni nafasi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja ikiwa uwanja unabeba chini ya watu 30,000. Bournemouth, wenye uwanja wa watu elfu 11 na ushei, wanatoa nafasi elfu moja na kidogo tu. Klabu yenye wafuasi wengi inaziuza kwa pointi: kila safari ya ugenini inakuongezea, na wenye pointi nyingi wanafunguliwa dirisha kwanza. Mwanachama mpya asitegemee kuanza na dabi. Anza na mechi za katikati ya wiki na safari ndefu, ambazo wengi huziacha.

Usinunue siti ya jukwaa la wenyeji eti ukae kimya. Goli likiingia utajisahau, walinzi watakutoa nje, na pesa hairudi.

Paundi 30 ni kwa mechi za ligi pekee. Kombe la FA halimo, na Championship, ligi ya daraja la pili, haina kikomo hicho. Kwenye mashindano ya Ulaya, UEFA wana kikomo chao kwa wageni: kwa msimu wa 2025/26 ni yuro 50 Ligi ya Mabingwa, 35 Europa na 20 Conference.

Nauli ndiyo inayotafuna. Ratiba hutoka Juni, lakini televisheni huihamisha. Mechi ya Jumamosi saa 9 alasiri inaweza kuwa Jumatatu saa 2 usiku, na tiketi ya treni ya bei nafuu iliyokatwa mapema hairudishwi pesa. Subiri mechi zitakazorushwa zitangazwe, kisha kata treni. Kwa mechi ya usiku, angalia kwanza treni ya mwisho inaondoka saa ngapi. Isipokufaa, basi la mashabiki huwa nafuu kuliko chumba cha hoteli.

Walanguzi

Kuuza tena tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai England na Wales kwa sheria ya 1994. Klabu ikigundua tiketi imelanguliwa inaifuta, na aliyelipa mara tatu ya bei anabaki nje ya geti.

Tiketi nyingi sasa ziko kwenye simu, na picha ya skrini mara nyingi haifungui geti. Ipakue ukiwa bado nyumbani, kwa sababu mtandao hulemewa watu wakijaa nje ya uwanja, na hakikisha chaji inatosha kukufikisha mlangoni.