Mtihani wa Nadharia ya Udereva: Jinsi ya Kujiandaa Nairobi

Wanagenzi wengi wa udereva jijini Nairobi humaliza fedha na muda wao kwenye usukani, kisha hukumbuka nadharia siku mbili kabla ya mtihani. Huo ni mpango mbovu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nadharia hutahiniwa kwa mdomo mbele ya ubao uliochorwa mji mdogo wenye barabara, maegesho na raundabauti, ambapo hukabidhiwa kigari cha kuchezea na kuagizwa ukitoe hapa ukifikishe pale. Mkono na ulimi sharti viende pamoja: unasukuma kigari huku ukitaja kioo, indiketa, leni na anayestahili kupishwa.

Basi jifunze kwa sauti. Chora raundabauti kwenye kipande cha katoni, ufanye kizibo cha soda kuwa gari lako, na umwombe mtu wa nyumbani akutume huku na huko. Kwa kuwa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, magari yaliyomo kwenye raundabauti hukujia kutoka kulia, nayo ndiyo hupishwa. Ukitaka kutoka kushoto, shika leni ya kushoto na uwashe indiketa ya kushoto tangu unapokaribia. Ukielekea kulia, shika leni ya kulia na indiketa ya kulia, kisha ukishaipita njia iliyo kabla ya yako, badilisha indiketa iwe ya kushoto ndipo utoke. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, hata na madereva wa miaka mingi.

Alama za barabarani zina mantiki yake, kwa hiyo anza na maumbo kabla ya picha: duara huamuru au hukataza, pembetatu huonya, na mstatili huarifu. Alama ya kusimama ina pembe nane, na ya kupisha ni pembetatu iliyopinduliwa, ili zitambulike hata zikiwa zimefunikwa na vumbi. Viwango vya juu vya mwendo ni vichache, vikiwemo kilomita 50 kwa saa mjini, na 80 kwa magari ya umma ya abiria kwenye barabara kuu.

Ukiwa ndani ya matatu, keti mbele na utaje kimoyomoyo kila alama unayoiona, lakini usimwige dereva. Mkifika raundabauti ya Nyayo na kumkuta polisi akiongoza magari, kumbuka kwamba ishara ya mkono wake hutangulia taa, jambo ambalo huenda ukaulizwa.

Mbele ya ubao, ukipitiliza njia uliyoagizwa, usikirudishe kigari nyuma kana kwamba hakuna aliyeona. Endelea kuzunguka raundabauti mpaka uifikie tena, huku ukimweleza mtahini unachofanya.