Umaridadi: kitenge na shikamoo

Anayetaka kuwa maridadi hapa Tabora, ambako vumbi la kiangazi halibagui nguo ya dukani na ya mtumba, akiloweke kitenge chake cha pamba kabla ya kukipeleka kwa fundi, kwani pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza na gauni likibana humnyima mvaaji mwendo wa utulivu. Hata hivyo, mavazi ni sehemu ndogo tu. Anayemwamkia mkubwa wake shikamoo na kusimama hadi aitikiwe marahaba, badala ya kuitupa salamu huku akipita kama bodaboda inayowahi stesheni, ana haiba ambayo, kwa maoni yangu, manukato hayaileti. Simu ikiita mbele ya wazee, aombe radhi, kisha akaipokelee nje.