Kutuma oda nje kutoka Kampala: karatasi za forodha, hatua kwa hatua

Jirani yangu anauza mikoba ya kitenge na vikapu vya ukili mtandaoni. Mteja wa Ujerumani alilipa bila shida, lakini kifurushi kikazuiwa forodhani huko kwa sababu karatasi yake ilisema "zawadi, vitu vya sanaa". Tulikikwamua, na tangu hapo wenzake wanaulizia njia. Hii hapa.

Hatua ya 1: TIN na jina la biashara

TIN, yaani namba ya mlipa kodi, hutolewa na URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), jina la biashara husajiliwa URSB (ofisi ya usajili wa biashara). Yote yanafanyika kwenye tovuti zao. Endelea.

Hatua ya 2: Je, bidhaa yako inahitaji kibali?

Mikoba ya kitenge na shanga za karatasi kwa kawaida hazina tatizo. Mbegu, kahawa mbichi na mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo, na hicho hupatikana kabla mzigo haujaondoka. Ngoma yenye ngozi nayo ina masharti yake: Australia na New Zealand ni wakali mno kwa chochote chenye ngozi, manyoya au majani makavu. Mwambie mteja aulize mamlaka za kwao kabla hajalipa.

Hatua ya 3: Maelezo ya bidhaa na msimbo wa HS

Hapa ndipo watu wanapolala njaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ofisa wa forodha ng'ambo haoni mkoba wako, anaona maneno uliyoandika. Kwa mizigo inayoingia Umoja wa Ulaya, taarifa hizo hutangulia kwa njia ya kompyuta kabla ndege haijapakiwa, na maneno kama "zawadi", "sampuli" au "bidhaa mbalimbali" hukataliwa. Andika kitu chenyewe, kimetengenezwa kwa nini, ni cha kazi gani, vipo vingapi: "mkoba wa mkononi wa wanawake, kitambaa cha pamba, vipande 2". Kwenye fomu yenyewe andika kwa Kiingereza.

Kisha msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha aina ya bidhaa forodhani. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile karibu dunia nzima. Zinazofuata kila nchi hujiongezea, usihangaike nazo. Kinachowachanganya wengi ni kwamba mara nyingi msimbo hufuata malighafi, hata kama matumizi ni yale yale. Mkoba wa mkononi wa kitenge ni 4202.22. Mkoba uliosukwa kwa ukili au nyuzi za mgomba huenda na vikapu, 4602.19. Mkufu wa shanga za karatasi ni 7117.90, ngoma ni 9206.00. Mzigo wenye bidhaa tatu tofauti una mistari mitatu, kila mmoja na msimbo, idadi, uzito na bei yake. Usiviunganishe ili kuokoa nafasi.

Msimbo utafute mwenyewe, usimwachie karani wa kaunta. Karani ana foleni nyuma yako na ataandika chochote kinachopita. Ukishaupata, uweke kwenye daftari pamoja na maelezo yake, kila oda unakili tu. Ukiwa na shaka, muulize wakala wa forodha mwenye leseni; swali moja ni nafuu kuliko mzigo kurudishwa.

Hatua ya 4: Ankara na thamani

Andika bei aliyolipa mteja, basi. Mteja mwenyewe atakubembeleza uandike dola 10 na neno "zawadi". Kataa kwa adabu. Kitu kilichouzwa si zawadi, na kifurushi kikipotea, fidia haitazidi thamani uliyoitamka. Weka nakala tatu za ankara nje ya kifurushi, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na simu na barua pepe ya mpokeaji.

Hatua ya 5: Nani analipa ushuru?

Malizana na mteja kabla ya kutuma. Marekani iliondoa msamaha wa mizigo isiyozidi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo hata mkoba mmoja unaweza kudaiwa. Umoja wa Ulaya unatoza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kuanzia euro ya kwanza tangu Julai 2021. Kama soko la mtandaoni unalouzia hukusanya VAT hiyo, litakupa namba ya IOSS, inayoonyesha kwamba VAT imeshakusanywa wakati wa kuuza. Mpe msafirishaji kwenye mfumo wake, usiiandike juu ya boksi. Uingereza, kwa mauzo yasiyozidi pauni 135, VAT hukusanywa wakati wa kuuza.

Hatua ya 6: Posta au kurya?

Kwa kitu chepesi cha bei ndogo mimi ni mtu wa Posta, pale Kampala Road. Thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF kinachotumiwa na posta) hujaziwa fomu ya forodha ya CN22, ikizidi hapo ni CN23. Kwa mkoba wa bei, au mteja mwenye haraka, nenda kwa kurya, yaani kampuni binafsi ya kusafirisha vifurushi kwa haraka, ingawa ni ghali: yeye ndiye anayekushughulikia tamko la forodha Entebbe na kule unakopeleka. Mzigo mkubwa wa jumla ni habari nyingine, huo unahitaji wakala wa kuuingiza kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha.

Ukishatuma, fuatilia kifurushi kila siku kwa namba yake. Ikitokea "inasubiri hati", peleka ankara na ushahidi wa malipo ya mteja siku hiyo hiyo, kwa sababu ghala la forodha hutoza ada ya kuhifadhi na muda ukipita mzigo hurudishwa kwa gharama yako.