Umefika Japani? Jifunze taka kwanza

Wengi wetu huja Japani tukiwa na picha ya Shinkansen na maroboti kichwani. Treni utaipanda, na itafika kwa wakati. Lakini utakapojikwaa ni kwenye kaunta ya manispaa na kwenye kona ya mtaa wanapoweka taka.

Makaratasi kwanza. Anayekuja kukaa zaidi ya miezi 3 hupewa kadi ya ukaazi, zairyuu kaado. Ukishukia Narita au Haneda unaipata palepale uwanjani. Ukishahamia nyumbani kwako una siku 14 za kwenda manispaa wakaandike anwani yako kwenye kadi hiyo. Kama mwajiri hakukuandikisha bima yake, jiandikishe hapohapo bima ya afya ya taifa, nawe utalipa asilimia 30 tu ya gharama za matibabu. Mchango wake hupimwa kwa kipato cha mwaka uliopita, kwa hiyo wewe mwanafunzi mweleze karani kwamba hukuwa na kipato. Kadi itembee nawe kila siku, ni sheria. Kibarua cha mwanafunzi kinataka kibali, na kikomo chake ni saa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Bosi akikubembeleza uzidishe, kataa. Viza itakayofutwa ni yako.

Kwenye kupanga nyumba utakutana na neno reikin. Usihangaike na kamusi, hicho ni kilemba: unampa mwenye nyumba na hakirudi. Shikikin ndiyo amana, hurudi baada ya makato. Nyumba zisizo na reikin zipo, ziulizie. Tena uliza jengo lilijengwa lini, maana kanuni za kuhimili matetemeko zilikazwa Juni 1981.

Sasa taka. Wiki yangu ya pili mfuko wangu ulibaki peke yake pale kona, umebandikwa karatasi ya onyo nisiyoweza kuisoma. Bibi wa ghorofa ya chini akaniita, akaufungua mbele yangu na kunifundisha kwa mikono. Mabaki ya chakula yakamuliwe maji, yaende na taka za kuchomwa. Chupa ya plastiki ivuliwe kifuniko, ibanduliwe lebo, isuuzwe. Kila aina ina siku yake, na mfuko hutolewa asubuhi, si usiku, kwa sababu kunguru wataurarua. Kila mji una utaratibu wake. Mji mdogo wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, una zaidi ya mafungu 40! Kwa hiyo omba kalenda ya taka siku ileile unayoandikisha anwani, na uulize kama mji wenu una mifuko yake maalumu ya kununua. Godoro au kabati haliachwi tu nje: unapanga siku na manispaa, unanunua stika kwenye konbini, yale maduka yasiyofungwa, unaibandika, unasubiri.

Bibi yule nilimwita obasan, nikidhani nampa heshima. Obasan ni shangazi. Bibi ni obaasan, a ikivutwa. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu na silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wa Mswahili hausumbuki. Kinachotuponza ni urefu wa irabu, basi usikilize sana.

Simu yako itapiga kelele sekunde chache kabla ya tetemeko kubwa, ingawa ukiwa karibu na chanzo huenda ikachelewa. Usikimbilie nje. Ingia chini ya meza, kinga kichwa, na gesi uizime mtikisiko ukishatulia. Mapema kabisa ijue hinanjo yenu, mahali pa kukimbilia, mara nyingi ni shule ya jirani. Mimi sikuwa naijua yangu. Usiku wa tetemeko langu la kwanza, hata viatu sijavaa, mlango ukagongwa. Alikuwa obaasan, tochi mkononi, akinionyesha njia ya shule ya msingi.