SOMO: Namna ya kuipa kwaya doh bila kuwachinja soprano

Naandika mara moja ili nisirudie. Kila ikikaribia Juni, watu wakijiandaa kwa hija ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo tarehe 3, simu yangu hujaa swali lile lile: "Mwalimu, nota tunazo, watu tunao, mbona wimbo ukianza unatushinda?" Unawashinda kwa sababu mmeuanzia mahali si pake: doh, yaani noti ya kwanza ya ngazi ya d r m f s l t, mmeiweka juu mno au chini mno. Mimi naongoza kwaya ya mtaa hapa Walukuba, Jinja. Tuko thelathini hivi, wanaosoma nota hawafiki saba, na kinanda ni cha kuazima.

1. Tafuta nota, piga kopi. Karatasi moja kwa watu wawili inatosha.

2. Soma pale juu: Doh = F, Doh = G, yaani doh inakaa kwenye F au G ya kinanda. Si pambo hilo.

3. Tafuta noti ya juu kabisa ya sauti ya kwanza (soprano) na ya chini kabisa ya besi, zizungushie kalamu. Wimbo ukiwa Doh = F na soprano wanafika d ya juu, basi wanafika F ya juu. Kwa kwaya ya wauza samaki na walimu wa msingi, ukuta uko karibu na hapo. Wakitakiwa kupita hapo, shusha doh, ila angalia besi wasibaki wananguruma tu.

4. Anza kuwafundisha wanaume: besi (sauti ya chini) na tena (sauti ya juu ya wanaume). Soprano wataudaka wakiwa wanapiga soga.

5. Toa doh. Hapa tukae kidogo.

Kuna harusi moja tulialikwa. Mazoezini tuliimba bila kinanda, umeme ulikuwa haupo wiki nzima. Siku yenyewe tukaazima kinanda, nikabonyeza F, nikawapa sauti, tukaanza. Beti la kwanza likapita kwa sababu liko chini. Tulipofika kiitikio, dada mmoja wa mstari wa mbele akafumba macho, mishipa ya shingo ikasimama, sauti ikatoka nyembamba kama filimbi ya trafiki, kisha ikakatika. Wenzake wakakimbilia chini. Watu wa tena wakadhani wao ndio wamekosea, nao wakahama. Bibi harusi akageuka kututazama. Waliofurahi siku ile ni besi tu.

Baadaye nikaangalia kioo cha kinanda: transpozi (ile inayopandisha au kushusha kinanda kizima) +4. Aliyekipiga kabla yangu alikipandisha kwa wimbo wake, akaondoka zake. Kila namba moja ya transpozi ni nusu sauti, kwa hiyo F yangu ilikuwa inatoa A. Soprano niliowaahidi F ya juu niliwapeleka A ya juu. Na kosa ni langu, sio lake.

Kwa hiyo: kabla hujabonyeza chochote, transpozi isome 0. Usiulize mpiga kinanda, angalia mwenyewe. Na usitoe doh kwa kumbukumbu ukiwa umechangamka. Mtu mwenye furaha hupandisha bila kujua.

Bora zaidi, beba uma wa kupimia sauti. Hauhitaji umeme wala hauna transpozi. Uma wa kawaida hutoa A, mitetemo 440 kwa sekunde. Ugonge kwenye goti, uweke karibu na sikio, kisha ipe A jina lake ndani ya wimbo wako. Doh ikiwa F, A ni m: imba m r d, umefika. Doh ikiwa G, A ni r. C, ni l. D, ni s. E, ni f. B bapa (nusu sauti chini ya B), ni t, panda kidogo tu uipate doh. E bapa ndiyo korofi: shuka m r d mpaka F, kisha hiyo F iite r, shuka tena hatua moja.

Ukishaipata, waimbie d m s m d taratibu, halafu kila sauti noti yake ya kwanza. Kuanzia hapo usiseme neno. MC akiongea katikati, toa upya.

6. Inua mkono, anza.

MASWALI

Besi wa Masese: Mwalimu, sasa doh naipata wapi kama sina kinanda?

Jibu: Hatua ya 5.

Besi wa Masese: Nimeona ila ni ndefu. Si ungeweka voisi tu?

Jibu: Niliweka voisi mwaka jana. Mkaniuliza kama kuna maandishi.

Sauti ya Pili, Kasese: Habari mwalimu. Tuna ndugu zetu kutoka Kongo, wanasoma nota kutuzidi. Wimbo wa Doh = G sisi tunaanza "doh", wao wanasema "sol". Nani anakosea?

Jibu: Swali zuri sana, dada, na hakuna anayekosea. Sol-fa yetu ni ile iliyoenezwa Uingereza na John Curwen karne ya 19, wamisheni wakaja nayo: doh inahama na wimbo. Wao wamesoma kwa Kifaransa, ambako do ni C siku zote, D ni re, mpaka G ni sol, A ni la, B ni si. Usiwabadilishe. Juu ya kopi zao andika "doh iko kwenye sol", watakuelewa mara moja. Mazoezini imbeni kwa namba, 1 mpaka 7, pande zote mtakuwa sawa. Na msigombane juu ya "si": sisi tunaandika t kwa sababu s tayari ni ya soh.

Mwana wa Arua: Kwaya yetu haijawahi kutumia huo uma na mashindano tunashinda.

Jibu: Hongereni. Somo si lenu.

Mama Tena: Sisi tunaanza vizuri tunamaliza tumeshuka. Uma utasaidia?

Jibu: Utakuonyesha mmeshuka kiasi gani, hautawapandisha. Sikiliza m na t, kwaya nyingi huziimba chini ya pale zinapotakiwa. Waambie t imelala begani kwa d. Noti ikijirudia mara nne, ya nne huwa imechoka: wafikirie wanapanda. Na wasimame, hakuna kuimba umekunja tumbo.

Sauti ya Pili, Kasese: Nyongeza kidogo, ssebo. Tunatafsiri wimbo wa Kiganda uwe Kiswahili, silabi zinaenea lakini unasikika kama mgeni anaongea.

Jibu: Kiganda kinafuata toni, Kiswahili kinafuata mkazo, na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. "Tunakushukuru": pigo zito liangukie "ku" ya mwisho, si "ru". Mtu akiimba baRAbara badala ya baraBAra, njia yako imegeuka "sawasawa". Soma maneno kwa sauti huku unapiga makofi kabla ya kuyapa noti. Likigoma, badilisha neno, muziki uache.

Besi wa Masese: Mwalimu, nimesoma yote sasa. Nimekagua kinanda chetu, kiko +2. Sijui tangu lini.

Jibu: Tangu Pasaka. Niliwasikia.