Jinsi ya kuzifuatilia injini za mvuke zilizobaki za reli ya Missabe kule Minnesota

Reli ya Duluth, Missabe and Iron Range, wengi wanaiita Missabe tu, kazi yake kubwa ilikuwa moja, kubeba madini ya chuma kutoka machimboni kaskazini mwa Minnesota na kuyashusha mpaka kwenye magati ya Ziwa Superior yapakiwe melini. Dizeli ilipoingia injini zake za mvuke karibu zote ziliuzwa kama chuma chakavu, ila chache zilipona na mpaka leo unaweza kwenda ukasimama pembeni yake. Sasa watu wengi wakitaka kuzitafuta wanaanza na jina la kampuni na hapo ndo wanapotea. Anza na namba ya injini, alafu hesabu magurudumu, jina liache mwisho.

Kwanini jina linapoteza? Kwa sababu Missabe yenyewe ilizaliwa kutokana na kampuni mbili zilizokuwa na majina yanayofanana. Ya kwanza ni Duluth and Iron Range ya tajiri mmoja wa Pennsylvania, Charlemagne Tower, ambayo ilishusha madini yake ya kwanza kutoka mgodi wa Soudan, huko huko Minnesota, mpaka bandari ya Two Harbors mwezi wa 7 mwaka 1884. Ya pili ni Duluth, Missabe and Northern ya ndugu wa ukoo wa Merritt, hawa walianzisha reli yao 1891 na mwaka uliofuata wakatoa shehena ya kwanza kutoka Mountain Iron, ila mdororo wa uchumi wa 1893 uliwakuta na madeni na kila kitu kikaishia mikononi mwa Rockefeller, yule tajiri wa mafuta. 1901 reli zote mbili zikawa chini ya kampuni ya chuma ya U.S. Steel, na hata hivyo ziliendelea kutumia majina tofauti mpaka 1937 na 1938 ndo zikaunganishwa rasmi. Kwa hiyo injini moja inaweza kuwa na jina moja kwenye picha ya zamani na jina lingine kwenye picha ya miaka ya 50, na zote mbili ni sahihi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye vifupisho. DM&N ni ile ya kina Merritt, lakini kuna D&NM, Duluth and Northern Minnesota, ambayo ilikuwa reli ya magogo na haihusiani kabisa na madini. Injini yake namba 14 iko kwenye makumbusho ya reli mjini Duluth, jengo moja na zile za Missabe, na ukipita haraka haraka utaiweka kwenye orodha yako. Usiiweke.

Haya, magurudumu. Simama ubavuni mwa injini, anza mbele kuja nyuma. Unahesabu kwanza yale madogo ya kuongoza, kisha makubwa yanayosukuma, kisha madogo yaliyo chini ya kebini ya dereva, na kila ukiona moja upande wako kumbuka kuna mwenzake upande wa pili, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Magurudumu ya behewa la makaa na maji lililo nyuma hayahesabiwi. Ukipata madogo mawili, makubwa nane na nyuma hakuna kitu, hiyo ni 2-8-0, ndo farasi wa kazi wa mwanzo mwanzo. Namba 332 ya mwaka 1906 ni ya aina hii, iko Duluth na iliwahi kufufuliwa ikavuta abiria baada ya mwaka 2000. Ndugu yake 347 iko Chisholm, kwenye makumbusho ya madini, huko huko juu kwenye machimbo.

Ukihesabu ukapata 2-8-8-4, yani makubwa yako makundi mawili ya nane nane, basi simama hapo hapo, tuliza akili, maana umefika kwenye Yellowstone, ndo jina la aina hiyo. Injini za mpangilio huu zilimilikiwa na kampuni chache tu Marekani, ya kwanza ilikuwa ya Northern Pacific mwaka 1928, na zilizobaki duniani nzima ni tatu, zote za Missabe. Zile za kampuni zingine hazipo tena, hata moja. Missabe ilikuwa nazo 18 kutoka kiwanda cha Baldwin, nane za mwaka 1941 zenye namba 220 mpaka 227, wanaziita M-3, na kumi za 1943 zenye namba 228 mpaka 237, hizo ni M-4. Kwa hiyo namba tu inakuambia ilitengenezwa lini: 225 na 227 ni M-3, 229 ni M-4.

Ukiwa pale usikimbilie selfie, angalia vitu viwili vitatu kwanza. Chini ya boila kuna fremu mbili, sio moja. Ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye boila, ya mbele inazunguka kwenye pini ili lile dude la karibu mita 39 pamoja na behewa lake liweze kupinda kwenye kona. Alafu angalia silinda, ziko nne na zote saizi moja, kipenyo inchi 26. Hiyo maana yake mvuke mbichi wa boila unaingia kwenye silinda zote nne, tofauti na zile injini za fremu mbili za kizamani ambazo mvuke ulitumika nyuma kwanza kisha ukapelekwa mbele kwenye silinda kubwa zaidi. Missabe walikuwa nazo hizo za kizamani kuanzia 1910, baadaye wakazigeuza zitumie mvuke mbichi kwenye silinda zote, na hakuna hata moja iliyobaki. Nguvu ya kuvuta ya Yellowstone ilikuwa pauni 140,000, yani kama kilo 63,500, na treni ya mabehewa zaidi ya mia ya madini ilikuwa kawaida kwake.

Jambo ambalo napenda mtu alijue kabla hajafika ni kwamba majira ya baridi ziwa linaganda, meli hazitembei, na treni za madini zinakaa. Ndo maana wakati wa vita kuu ya pili baadhi ya hizi Yellowstone zilikopeshwa kwa reli ya Denver and Rio Grande Western zikaenda kupanda milima ya Colorado, alafu ziwa likifunguka zinarudi nyumbani. Kwa hiyo ukikutana na picha ya injini ya Missabe iko milimani Colorado usidhani mtu kachezea picha.

Sasa njia. Anzia Duluth, kwenye stesheni ya zamani ya 1892 ambayo sasa ni makumbusho. 227 iko ndani, na uzuri wake ni kwamba wameifungia mota inayozungusha magurudumu, na sauti juu yake, kwa hiyo unaona vyuma vinavyoenda mbele na nyuma vinafanyaje kazi. Kisha panda kilima mpaka Proctor, hapo ndo ilipo yadi kubwa, na 225 imewekwa nje. Kutoka Proctor kushuka magatini mteremko ni kama asilimia 2.2, kwa hiyo mzigo ukishuka kazi ni ya breki, na injini zilihema kwenye kurudisha mabehewa matupu juu.

Halafu fuata barabara ya kando ya ziwa kwenda Two Harbors, na kama una muda wa sehemu moja tu mimi ningekupeleka hapa badala ya Duluth, hata kama Duluth kuna paa na joto. Pale stesheni imekaa 229, na karibu yake ipo namba 3, kainjini ka 2-6-0 ka mwaka 1883, ndo ya kwanza kabisa ya Duluth and Iron Range, ililetwa kwa maji maana reli ya kuifikisha ilikuwa bado haipo. Hesabu magurudumu ya moja, geuka hesabu ya nyingine, miaka 60 ya hiyo reli iko ndani ya hatua chache. Ukimaliza shuka magatini uangalie na Edna G., tagi ya mvuke, yani boti ya kuvuta meli, ya 1896 iliyotengenezewa reli hiyo hiyo.

Zilizobaki ziko mbali. 506, aina ya 2-10-2, iko Green Bay, Wisconsin, kwenye makumbusho ya taifa ya reli. Na 604 iko Greenville, Pennsylvania, hii ni 0-10-2, ya pekee iliyobaki ya aina yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya Union Railroad ya huko Pittsburgh, wakaiuza Missabe 1949, kwa hiyo usishangae ukiikuta na historia mbili. Ila ukiwa maeneo hayo mtu akakuambia na injini 643 ya reli ya Bessemer and Lake Erie ilikuwa ya Missabe, kataa. Kweli Missabe walinunua injini 18 za aina ile ile ya 2-10-4 kutoka Bessemer mwaka 1951, lakini 643 haikuwemo, na zile 18 zote zilikatwa zikawa chuma chakavu.