Kupiga Preludio ya E maina (E minor) ya Chopin bila kuilizaliza

Preludio namba 4 ya Opus 28, mkusanyo wa vipande vifupi vya piano vya mtunzi Chopin, iliyochapwa mwaka 1839, ina vipimo (bar) 25 tu. Noti zake si ngumu, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Mkono wa kulia karibu haufanyi kitu: B, C, B tena. Huzuni yote imebebwa na kodi (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za mkono wa kushoto, basi anzia huko.

Mwanzoni piga kila kodi mara moja tu, ndefu, bila marudio. Inapobadilika, tafuta noti iliyoshuka. Mara nyingi ni moja, kwa nusu toni, yaani hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani yake kabisa. Hiyo ndiyo isikike kidogo zaidi ya wenzake. Ukishaikariri njia hiyo, rudisha marudio manane kwa kipimo, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa 60 kwa robo noti. Vidole visibanduke. Bonyeza tena kabla kitufe hakijapanda chote, la sivyo kodi zitagonga kama mtu anayebisha hodi. Kwenye piano ya kusimama kiache kitufe kiinuke zaidi kuliko kwenye piano kubwa ya mlalo, maana nyundo yake huchelewa kuwa tayari. Kibodi isiyotofautisha mguso laini na mzito haifai kabisa kwa zoezi hili.

Pedali ibadilike kila kodi inapobadilika, si kila kipimo kinapoanza. Ukiishikilia, nusu toni zinagongana na sauti inakuwa matope.

Sasa mkono wa kulia. Preludio hii ilipigwa kwa ogani kwenye mazishi ya Chopin mjini Paris, Oktoba 1849. Ogani hushikilia noti bila kufifia, piano haiwezi. Kwa hiyo B ipigwe kwa uzito wa kutosha kuishi mapigo matatu, na kodi zizidi kushuka kadiri inavyofifia. C inayofuata ilingane na B ilivyobaki, si ilivyoanza. Ikitoka kwa nguvu, wimbo unakatika vipande vipande.

Chopin aliandika f (kwa nguvu) mara moja tu, kipimo cha 17, palipo na stretto (agizo la kuharakisha). Anayeanza kuvimbisha sauti kipimo cha 5 hufika huko hana akiba. Vipimo 12 vya kwanza vibaki p (laini), hata ukihisi mkono unakusukuma. Kwenye stretto harakisha kweli, usione haya, kisha tulia mara tu baada ya kilele.

Kipimo cha 23 kinaishia kwa kodi yenye B bemoli (B iliyoshushwa nusu toni) kwenye besi, halafu kimya chenye fermata, alama ya kukirefusha upendavyo. Inua mguu kwenye pedali; mvumo ukibaki, si kimya tena. Usihesabu, ila usianze mpaka chumba kimenyamaza.

Kodi tatu za mwisho ni pp (laini sana) na ziko chini sana. Hapa watu hugusa juujuu kwa woga, noti ya kati inakosekana. Teremsha mkono taratibu kwa uzito wake hadi kitufe kifike chini, vidole vyote kwa pamoja, besi ikiwa nyepesi kuliko noti ya juu.